Ile "Na" Moja

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri, Majengo,
magodoro matatu yamesimamishwa ukutani,
blanketi la kijivu mlangoni,
maana mwezi wa nane Dodoma upepo hauombi ruhusa,
unagonga mabati kama mdai.

Ndahani, fundi sauti, alikuwa na karatasi moja.
"Dada Sechelela, zote tisini hatuzihitaji.
Nipe moja hadi kumi, nipe makumi yote,
halafu nipe 'na'.
Zingine nitashona mwenyewe."

Nikahesabu: maneno kumi na tisa.
Nikasema ishirini, nikasema hamsini,
nikarudia sitini, isije ikasikika sabini
kwa mwenye simu ya spika mbovu.
"Na" niliisema mara moja tu,
saa nane mchana, nina njaa,
nikiufikiria mlenda uliokuwa ukipoa nyumbani.
Akasema, "Hiyo hiyo. Imekaa vizuri."
Namba sabini na mbili zinasimama juu ya njaa ile.

Kilichotuchosha ni "bado moja tu".
Mara arobaini.
"Usihuzunike. Usicheke pia.
Sema kama jirani anayekusogezea kiti
ili usiondoke."
Ya arobaini ndiyo waliyoichukua.
Wakanilipa elfu themanini, taslimu, tukaagana.

Sasa naita usiku kucha na huku nimelala.
Naita kwa mlinzi wa Ilazo, simu ndani ya koti,
naita kwa muuguzi wa zamu, sauti imepunguzwa
hadi nimekuwa mbu.
Mipira inayorukaruka kwenye kioo
haipo. Ni rangi.
Ndahani alinieleza: iko mashine mahali,
hata yeye hajui nchi gani,
imeshachagua kabla sijafungua kinywa.
Kadi nayo hujitia alama yenyewe;
ukisinzia inakuchezea,
ukiamka imekumalizia.
Mimi ni kengele ya ibada iliyokwisha.

Mjomba Chilongani hakubali.
Miaka ishirini na sita alisimamia mizani ya mahindi Kibaigwa,
anajua uzito wa gunia kwa kulitazama,
anajua vilevile mizani inavyodanganya,
lakini sauti ya mtoto wa dada yake?
"Damu yangu haiwezi kuniibia," anasema.
"Jana uliniambia bado moja. Na juzi."
Pesa ya alizeti inaingia kwa vidole viwili,
safu tatu, namba kumi na tano,
na kila anapokosa kwa unywele
kioo kinamnyeshea maua.

Nilimwambia ile ni rekodi.
Akasema hata Injili ya redioni ni rekodi.

Jumapili tumekaa kibarazani, Nkuhungu,
karanga kwenye ungo,
simu imeegemea chupa ya chai.
Imebaki moja. Anataka hamsini na nne.
Ananyamazisha watoto.
Najisikia ninavyovuta pumzi mle ndani:
"hamsini,"
halafu "na",
ile ile, ya saa nane mchana,

halafu kiduara.
Kinazunguka. Bando limekwisha.

Vumbi likapita uani, likaanguka.
Mjomba hakuitazama simu tena.
Alinigeukia mimi, kiganja wazi,
kama mtu anayedai chenji yake:
"Haya. Malizia."

Tarakimu zote tisa zilikuwa kooni mwangu.
Ningeweza kumpa nne, nzuri kabisa,
laini kuliko waliyoinunua.
Nikamenya karanga, nikaiweka kiganjani mwake.
Hakuila.
Alikaa hivyo, sikio limeinama upande wangu,
akisubiri kinachokuja baada ya "na".